Ngisi Wako Waliyemchoma Kasikeu

Baba,

Wanamtaka Katune. Umesikia? Baada ya miaka yote hii, watu wa ng'ambo wameandika barua, karatasi mbili zilizopigwa taipu, wanauliza kwa adabu kama yule ngisi mdogo uliyepewa kwenye meli bado yupo, na kama yupo, yuko katika hali gani. Hali gani! Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilicheka kwa sauti, darasa la tano wote wakainua vichwa kuniangalia. Mara ya nne sikucheka. Nikaikunja, nikaiingiza kwenye rejista, nikawaambia watoto wasome kimya mpaka kengele ilie.

Nilipaswa kuwajibu wao kwanza. Lakini nikiwajibu leo nitawatukana, na wewe hukunilea hivyo. Kwa hiyo naanza na wewe. Kuna mambo huyajui, kwa sababu yalitokea ukiwa umeshalala siku nne kaburini, na mimi mwanao Mutheu, uliyenikabidhi chupa ya Katune kwa mdomo wako, nilikuwa pale pale natazama.

Siku ya kugawa nguo zako, ufunguo wa sanduku la bati ulikuwa kwa Baba Mdogo Kioko. Hakuna aliyempa. Aliutoa tu kwenye mfuko wa koti lako akasema yeye ndiye mkubwa sasa. Watu walikuwa wengi uani: majirani, akina mama wa kanisa, mzee wa kanisa aliyekuja kuomba, na kwenye benchi la pembeni wale wazee wawili kutoka Kathonzweni waliokuja kwa niaba ya wakwe zangu. Unakumbuka mazungumzo ya ndoa yangu yalikuwa bado hayajaisha. Walikuja kutoa pole na, nadhani, kuangalia mimi natoka katika nyumba ya namna gani.

Koti likaenda kwa huyu, viatu kwa yule. Kioko akafika kwenye lile sweta la kijivu la meli, akalinyanyua, akasikia uzito. Akalifunua. Ndani yake ile chupa yako ya mdomo mpana, kifuniko kimezungushiwa nta ya mshumaa, na Katune amekaa mle ndani na mikono yake iliyokunjamana na yale macho mawili makubwa. Ukimwangalia kwa mara ya kwanza unaona kama anakuangalia wewe peke yako. Hata mimi nilipokuwa mdogo nilidhani hivyo.

Kioko aliiweka chini polepole sana, akarudi nyuma hatua tatu. Mzee wa kanisa akauliza ni nini. Mama yangu maskini, Mwaitu ambaye hajawahi kusema uongo hata kwa mgeni, akaeleza kila kitu jinsi kilivyo. Akasema ni kitu cha bahari, cha baba yao, hakina ubaya wowote, kazi yake ni kuongezewa spiriti kila mwaka mvua za Novemba zikianza.

Baba, ungeona walivyosogea nyuma wote. Wewe unajua kwetu hicho walikielewaje. Kitu chenye macho, kimefichwa chini ya sanduku, kimefungwa na nta, na mwenye nyumba anakiri kwamba kinalishwa kwa majira. Hiyo ndiyo uoi yenyewe, uchawi wa kufugwa. Hata shetani mwenyewe asingeupanga ushahidi vizuri zaidi.

"Kumbe inalishwa," Kioko akasema. Akaanza kuhesabu kwa vidole mbuzi wake waliokufa mwaka wa njaa ya mahindi ya manjano, utadhani kuna mtu Kasikeu nzima ambaye mbuzi wake walipona mwaka ule. Mke wake akakumbuka mimba iliyotoka. Mtu mwingine akasogea akasoma ile karatasi yako iliyokuwa ndani ya chupa, uliyoandika kwa kalamu ya risasi: Jike. Ana mayai. Kutoka chini kabisa. Akaisoma kwa sauti, na akina mama wakaanza kuomba.

Nikasema, ni ngisi. Nikasema ni mnyama, Baba alipewa kazini. Nilisema hivyo, nakuapia. Lakini Kioko akanigeukia akauliza, "Wewe ulijua hii kitu iko hapa?"

Nikawaona wale wazee wawili wa Kathonzweni kwenye benchi. Walikuwa wameacha kunywa chai.

Nikasema hapana. Nikasema nimewahi kuiona mara moja tu, kwa mbali, nikiwa mdogo.

Hapo ndipo ninapotaka unikasirikie, Baba. Wengine wote nitawakasirikia mimi kwa niaba yako, nina hasira ya kutosha, lakini hapo nikasirikie wewe. Nilijua idadi ya mikono yake. Nilijua harufu ya ile spiriti kuliko nilivyojua harufu ya mafuta ya nywele. Na nikasema kwa mbali.

Waliitupa kwenye moto uliochemshia chai ya matanga. Chupa ikapasuka, na spiriti ikafanya kile ambacho spiriti hufanya. Moto wa buluu uliruka mpaka kifuani kwa mtu mzima, ukatambaa kwenye nyasi kavu, watu wakakimbia wakipiga mayowe. Mtoto yeyote aliyewahi kuona mama yake akiwasha jiko la mafuta ya taa kwa spiriti anajua inawaka buluu. Wote pale wanajua. Lakini siku ile hawakujua. Siku ile ulikuwa ni moto wa uchawi unaotoka, na Kioko akasimama mbele yake na fimbo mkononi kama aliyeua simba. Mpaka siku ya soko iliyofuata, hadithi ilikuwa imefika mji wa Salama.

Unataka kujua walimfanyia nini Mwaitu? Hawakumpiga wala kumfukuza, kwa hiyo kila mmoja wao anaweza kusema hakufanya lolote. Waliacha kunywa chai yake, basi. Mgeni akifika anasema ametoka kunywa sasa hivi. Kikundi cha akina mama kikifika zamu yake kukutana kwake, mmoja anaugua, mwingine ana safari, zamu inaruka. Kanisani walimwambia apumzike kupika kwenye mikutano, amefanya kazi sana. Mwanamke aliyelisha nusu ya kijiji kwa isyo yake ya mahindi na maharagwe, anapumzishwa! Na yeye kila siku saa kumi anachemsha chai ya watu wanne, anakunywa kikombe kimoja, nyingine anamwagia migomba.

Wakwe zangu walinichukua, ndiyo. Uongo wangu ulinifaa. Nina watoto watatu, mume mzuri, na kazi ya kufundisha hapa Kathonzweni. Sijui kama hayo ni bei nzuri.

Mimi bahari sijaiona mpaka leo. Ninayoijua ni ile uliyonisimulia ukiwa kwenye kigoda chako ukimenya mbaazi, na kila mwaka uliisimulia vile vile, na nikikosea neno unanirudisha. Meli ya Wazungu waliokuja kuchunguza viumbe vya bahari. Wavu ulioshushwa kwa waya mpaka kusikofika mwanga wa jua, ukavutwa nusu siku, ukapanda umejaa matope baridi. Kazi yako ilikuwa koleo: samaki wakubwa upande huu, wale wanaotakiwa na mtaalamu upande ule, na takataka zote kurudishwa majini. Na wewe uliyechunga mbuzi wa nyumba tano wakiwa wamechanganyika, ukiwa bado hujafika hata darasa la kwanza, na jioni kila nyumba ikapata wake bila kosa, ukaona ndani ya takataka kitu chekundu kisichozidi kidole gumba.

Ulikitia kwenye kikombe chako cha bati pamoja na maji ya bahari. Ulipenda kusema hivi: mwili umekatika duara nyuma, haukuchongoka kama wa ngisi wa kawaida, na mapezi mawili ya mviringo yamekaa ubavuni kama masikio. Ukachakura matope yale kwa mikono ukapata wengine wanne. Ukawapa jina hapo hapo, kwa Kikamba chetu, Katune, kale kekundu. Ukampelekea mtaalamu.

Mtaalamu akasema hao ni watoto wa ngisi mwingine anayejulikana, warudishwe. Ukasema hapana, huyu mmoja ana mimba. Wakacheka, sitaha nzima. Mkamba kutoka nchi kavu anawafundisha ngisi! Wewe ukasimama na kikombe chako. Ulikuwa umeshika tumbo lake kwa kidole, ukahisi vile unavyohisi tumbo la mbuzi, na mbuzi hajawahi kukudanganya. Mwenye mimba si mtoto, uliwaambia, na hukuondoka. Mwishowe mtaalamu, labda ili umwache ale chakula chake, akachukua wembe akampasua kidogo tumboni. Mayai. Manene kwa mwili mdogo ule, kama punje za mtama. Ulisema akavua miwani, akaita wenzake wote.

Wanne wazima akawachukua yeye. Yule aliyepasuliwa akakupa wewe, kwa sababu alikuwa ameharibika.

Ukifika hapo ulikuwa unacheka sana mpaka unakohoa. Mimi nilikuwa nacheka na wewe. Sasa sicheki. Yule aliyeharibika ndiye aliyekuwa na jibu tumboni mwake, na kila mtu kwenye meli ile aliliona jibu hilo kwa macho yake.

Halafu ukarudi nyumbani, ukaacha bahari, ukalima. Na kila Novemba, mvua ya kwanza ikishanyesha, ulikuwa unaniita. Jua la Septemba na Oktoba linakunywa spiriti hata kupitia nta, ulisema. Tunafungua, tunamtoa kwa kijiko, tunamlaza kwenye sahani ya enameli. Rangi ilishakwisha, alikuwa amebaki wa chai ya maziwa, lakini jina lilikuwa lile lile. Unanipa njiti ya kiberiti. "Usihesabu na macho," unasema, "hesabu na njiti." Mikono minane mifupi. Mirefu miwili ya kunasia, imejificha, lazima uitafute. Mapezi mawili. Mayai yanayoonekana penye mpasuko, kumi na saba. Nikisema kumi na sita unanyamaza tu mpaka nianze upya. Kisha tunamrudisha, unaongeza spiriti ile nyeupe, maana ya zambarau ingempaka rangi, na unakagua karatasi kama maandishi bado yapo. Yapo kila mwaka. Wino unaliwa na spiriti, risasi hailiwi. Hilo nimewafundisha watoto wa shule sita mbalimbali bila kuwaambia nimelitoa wapi.

Na ulipokuwa huwezi tena kuinuka, ukaniambia, "Mutheu, usiache akauke." Nikasema ndiyo, Baba.

Basi, barua. Ilifika kwa Mzee Salimu huko Kitui, rafiki yako aliyekuwa mpishi wa meli ile kabla hajahamia Kitui kwenye duka la wakwe zake, kwa sababu anwani yake ndiyo uliyowaachia. Amenitumia kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa likizo kwao. Aliyeiandika ni mwanamke, kijana kwa jinsi ninavyomsoma, amechukua kazi baada ya wakubwa wake kustaafu. Anasema wale ngisi wanne walipewa jina jipya la kitaalamu, lenye ndani yake jina la mwalimu wa yule mtaalamu, mtu ambaye hakuwahi kupanda meli hiyo. Anasema sasa kuna wasomi wanaobisha. Wanasema aina hiyo haipo kabisa, wale walikuwa watoto tu wa ngisi mwingine. Umeona? Ni yale yale ya siku ile! Na yeye alipoenda kuwaangalia wale wanne ili awajibu wabishi hao, alikuta chupa yao kwenye rafu haina tone la spiriti. Wamekauka. Wamekuwa vipande vya kitu cheusi ambacho hakuna mtu anaweza kukihesabu mkono.

Wameacha wakauke, Baba. Kwenye jengo lenye umeme na milango ya kufungwa na watu wanaoajiriwa kwa kazi hiyo peke yake. Wako aliishi ndani ya sanduku la bati Kasikeu, chini ya mabati yanayopasuka kwa joto, na hakukosa spiriti hata mwaka ule ambao sisi wenyewe tulikosa uji. Nani sasa hajui kutunza vitu? Nani mshamba?

Na bado. Kijana huyu anasema amepata mstari mmoja kwenye daftari la safari unaosema mayai yaligunduliwa na baharia mmoja mwenyeji, akapewa kielelezo kimoja. Baharia mmoja mwenyeji! Mwenyeji wa wapi? Kasikeu kuna bahari gani? Jina walikuwa nalo, lilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi kila siku wakilisoma asubuhi. Walijua kukuita uliposhika koleo. Ulipokuwa sahihi wakasahau unaitwa nani.

Siku ile niliiacha barua hii hapo; naiendeleza sasa, wiki kadhaa baadaye. Jumamosi ile nilienda Kitui kwa Mzee Salimu. Amezeeka, macho yana ukungu, nikamsomea barua yote mlangoni pa duka. Kwanza akanitania kwamba siku ile alitamani kuwatia wote watano kwenye mchuzi wa nazi, na angefanya hivyo dunia nzima ingepumzika. Kisha akaniuliza kama najua kwa nini ulikuwa unaenda Kitui mara mbili kila mwaka. Nikasema, spiriti. Akatikisa kichwa.

"Spiriti ipo hata Machakos, mwanangu," akasema. "Baba yako alikuwa anakuja kuuliza kitabu."

Yule mtaalamu alikuahidi, mbele ya Salimu, kwamba ataandika kitabu cha viumbe wale, jina lako litakuwemo, na nakala itatumwa kwa anwani ya duka. Na wewe ukaenda kuuliza. Mara mbili kwa mwaka, mpaka kifua kilipokuzuia. Unafika, unasalimia, unaulizia watoto wake, unanunua spiriti, na ukiwa tayari umeshika kofia unauliza kama kuna kifurushi. Hakikuja hata kijikaratasi. Na nyumbani hukusema. Hukuniambia hata mimi niliyekuwa nashika njiti.

Nililia pale mlangoni pa duka mbele ya wateja. Mzee Salimu akaniacha nilie, akasema tu kwamba angekuja matangani angewaambia wale watu yeye amekula ngisi tangu ana meno mawili na hajaroga mtu. Habari za kifo chako zilimfikia zimechelewa.

Sikurudi Kathonzweni. Nilienda moja kwa moja Kasikeu, nikalala kwa Mwaitu, na Jumapili baada ya kanisa nikamfuata Kioko nyumbani kwake. Nilimkuta na yule mzee wa kanisa. Nikawasomea barua kwa Kikamba, neno kwa neno, sikuruka salamu. Walisikiliza vizuri. Nilipomaliza Kioko akajikuna kidevu.

"Kwa hivyo ilikuwa tu samaki," akasema.

Tu! Sijui ni neno gani limewahi kunikata kama hilo. Nikamwambia yote, Baba, na sikumwita Baba Mdogo hata mara moja, nisamehe. Nikamwambia amechoma kazi ya ndugu yake, amemchoma mwenye jibu ambalo wasomi wanalitafuta, na amemfanya shemeji yake amwage chai miaka na miaka. Yule mzee wa kanisa akasema tumwachie Mungu, mambo ya zamani. Nikamwambia Mungu hakuita watu kuja kuangalia moto. Aliyewaita ni Kioko. Basi awaite hao hao, kwenye ua ule ule, aseme alichofanya. Na kwamba na mimi nina la kusema siku hiyo.

Alikataa. Nikamwambia nitasimama mwenyewe sokoni niisome barua, kila siku ya soko, mpaka nistaafu. Anajua mimi ni mtoto wako. Anajua sisi watu wa kusimama na kikombe hatuondoki.

Wiki mbili baadaye wakaja. Si wote; wengine wameshakufuata. Lakini walikuja wa kutosha, wakakaa wakiangalia chini. Nilitangulia mimi. Nikasema siku ile nilidanganya, kwamba ile chupa niliijua kuliko mtu yeyote, nilikuwa namhesabu mikono kila mwaka, na nilikana kwa sababu ya kuolewa. Mume wangu alikuwa amekaa hapo mbele. Nilikuwa nimeshamwambia usiku uliotangulia, akanijibu kwamba wale wazee wawili kwenye benchi walimwambia baba yake jambo moja tu: msichana ameogopa, lakini amelelewa na mtu anayetunza vitu. Miaka yote hii nimebeba mzigo ambao wao hawakuutwika.

Kisha Kioko akasimama. Ana miguu mibovu sasa. Akashika fimbo ile ile.

"Nilichoma samaki ya ndugu yangu," akasema. "Hakukuwa na uoi hapa. Ni mimi nilikosa."

Ngisi si samaki. Nilitaka kumrekebisha, neno lilikuwa tayari mdomoni, lakini Mwaitu akanikanyaga mguu. Akaingia ndani, akatoka na birika. Akammiminia Kioko wa kwanza. Watu wote waliangalia kile kikombe. Akakitazama kidogo, akakipuliza, akanywa, akanywa mpaka majani ya chini, akakigeuza juu chini kuonyesha kimekwisha. Mzee wa kanisa akafuata, kwa kusitasita, na mimi nikamhesabia mafunda. Siku ile chai ya Mwaitu haikutosha. Alipika mara tatu, akawa analalamika kuhusu maziwa, na sijawahi kusikia lalamiko tamu vile.

Hasira yangu haijaisha, usidhani. Kikombe kimoja hakirudishi miaka. Mtu aliyechoma kwa ujinga nimemwona akisema amekosa. Waliokausha kwa uzembe na kukuita baharia mmoja, hao bado.

Kwa hiyo nimemchora. Nimekaa jioni tisa na kalamu ya risasi, nimemchora kwa ukubwa wake, na tena kwa ukubwa wa sahani. Nilifunga macho nikashika njiti ya kiberiti, na mkono ukajua. Minane mifupi. Miwili mirefu, nimeitoa nje ya maficho yake ili waione. Mapezi kama masikio. Mpasuko wa wembe, upande wa kushoto. Mayai kumi na saba, kila moja na kivuli chake. Nimemwandikia yule kijana kwamba chupa ilichomwa moto na watu wa nyumbani, sikumficha. Kwamba mchoro si mwili na wabishi wataendelea kubisha. Lakini mimi nilimhesabu kila mwaka wa utoto wangu na niko tayari kusema hivyo mbele ya yeyote. Na chini kabisa nimeandika: aliyemwokota, na aliyejua ana mayai kabla ya kupasuliwa, anaitwa Nzioka Mbuvi, wa Kasikeu. Likitumika lolote kati ya haya, jina hilo liandikwe lote. Na kitabu kikitoka, kitumwe duka lile lile la Kitui. Kuna mtu alikuwa anakisubiri.

Sijui watafanya nini. Huenda wasijibu. Nimeamua nitakuwa naenda Kitui mara mbili kwa mwaka kuuliza.

Mchoro wa pili uko kwenye sanduku lako, umefungwa ndani ya lile sweta. Kioko mwenyewe ndiye aliyelileta, liliwahi kugawiwa kwake. Mvua ya kwanza ikinyesha Novemba nitautoa, niupeleke darasa la tano, nimpe kila mtoto njiti yake, na atakayesema kumi na sita nitanyamaza mpaka aanze upya.

Lala sasa, Baba. Nilikuahidi na sikutimiza, na huyo wa chupa siwezi kumrudisha. Lakini huyu wa karatasi hakauki, na siku akichakaa nitamchora tena.

Mwanao,
Mutheu